Anahesabu mpaka mia, lakini saba haijui

Mama mmoja wa Kibirizi, Kigoma, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 5 na nusu, yuko darasa la awali. Anahesabu mpaka 100 bila kukosea, hata wageni wanampigia makofi. Juzi nilikuwa napika nikamwambia aniletee vitunguu saba, akaja amevipakata kwenye shati bila idadi. Nikamwambia avihesabu, akafika kumi na tatu, wakati vilikuwa tisa. Jirani anasema nimtafutie tuisheni mapema kabla hajaingia la kwanza. Dukani nimeona vifaa vya plastiki vya kuhesabia, bei imenishinda. Dada yake yuko la tatu, anajaribu kumfundisha lakini wanaishia kugombana. Mimi nauza samaki, migebuka, mchana sina muda. Nianzie wapi?"

Marahaba mama. Nianze na tuisheni, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Usimpeleke. Na vile vya plastiki usinunue. Vitu vya kumfundishia mtoto huyu unavyo jikoni, na muda unaotakiwa ni dakika 10 kwa siku, zile za kumenya vitunguu au kuchambua maharage.

Mwanao si mzito hata kidogo. Alichojifunza mpaka sasa ni wimbo. Moja mbili tatu nne, kwake ni kama maneno ya mchakamchaka: anayajua yote, anajua kipi kinafuata kipi, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba kila neno limebeba kitu. Saba hajaisahau. Hajakutana nayo.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Nilipoanza kazi, kwenye shule moja nje ya mji wa Tabora, darasa langu la awali liliimba namba mpaka mia kwa sauti iliyofika barabarani, na mimi nilijivunia. Siku moja nikamwaga vizibo vya soda sakafuni, nikaomba kila mtoto aniletee vinane. Waliokuja na vinane hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Wengine walileta konzi, wengine walileta kimoja na kukimbia kuleta kingine, wakingoja niwaambie basi. Nilikuwa nimetumia miezi kufundisha sauti. Tangu siku hiyo sijawahi kumpongeza mtoto kwa kuhesabu mpaka mia, na ninakuomba na wewe uwaombe wageni wasimpigie makofi kwa hilo kwanza.

Watafiti wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza mwaka 1978 mambo ambayo mtoto lazima ayashike ndipo tuseme anahesabu. Matatu ya kwanza yanakuhusu wewe moja kwa moja. Kwanza, maneno yana mpangilio usiobadilika: mwanao analo hili tayari. Pili, neno moja kwa kitu kimoja, bila kuruka wala kurudia: hili hana, ndiyo maana vitunguu tisa vilizaa kumi na tatu, ulimi wake ulikwenda mbio kuliko kidole. Tatu, neno la mwisho ulilotaja ndilo idadi ya vyote: hili nalo hana, ndiyo maana hakujua asimame wapi ulipomwagiza saba. Kwa hiyo kazi yako ni mambo mawili tu. Yote mawili hufanywa kwa mikono.

Ila kabla ya kuanza, jua alipo. Leo jioni weka punje kama 15 za maharage au mise (mbegu za michikichi) kwenye bakuli, ukae naye chini, umwambie kwa upole: "Nipe moja." Kisha "nipe mbili", "nipe tatu", ukiendelea juu. Akikosea, shuka namba moja, halafu umjaribu tena ile aliyokosea. Usimwambie amekosea, pokea alichotoa, sema asante. Mtafiti mwingine, Karen Wynn, aliandika mwaka 1990 juu ya jaribio la namna hii, na alichokiona ndicho ninachokiona mimi kila mwaka: watoto hupanda ngazi moja moja. Mtoto hukaa miezi akijua moja tu kwa hakika, akiombwa mbili anakupa konzi. Baadaye anaijua mbili, kisha tatu. Halafu, baada ya tatu au nne, mlango unafunguka: ghafla anaweza kukupa idadi yoyote anayoweza kuihesabu, kwa sababu ameelewa kuhesabu ni kwa ajili gani. Mahali mwanao atakapokwama ndipo masomo yako yanapoanzia. Kama ni nne, basi wiki hii nyumbani kwenu hakuna namba inayozidi tano, hata kama mdomo wake unafika mia.

Sasa jambo la neno moja kwa kitu kimoja. Dawa yake ni kuhamisha. Mtoto akihesabu vitu vilivyotulia mahali pamoja, hana kumbukumbu ya alichokwisha kukigusa. Mpe mabakuli mawili. Anachukua kitunguu bakuli la kushoto, anataja neno, anakiweka bakuli la kulia, ndipo mkono unarudi. Neno hutoka kitu kinapotua. Ukiona ulimi unakimbia, shika mkono wake kwa mkono wako mfanye pamoja mara mbili tatu, polepole.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni trei la mayai, lile la karatasi ngumu ambalo wenye vibanda vya chipsi hutupa kila siku. Lina vishimo 30, sita kwa vitano. Likate vipande vitatu, kila kimoja kiwe na safu mbili za vishimo vitano. Umepata kumi tatu, bure. Kila kishimo kinakaa kitu kimoja, hakuna cha kurudia wala kuruka. Na kuna zaidi: mtoto akijaza saba, anaona safu nzima ya tano imejaa na viwili vya chini yake, na anaona vishimo vitatu vimebaki wazi. Kabla hajasikia neno kujumlisha, macho yake yameshazoea kwamba saba ni tano na mbili, na kwamba inahitaji tatu kufika kumi. Kipande kimoja mwachie dada yake ambaye yuko la tatu, kitamsaidia na yeye.

Jambo la pili, la neno la mwisho, linahitaji kanga. Mkimaliza kuhesabu vitunguu vinne, vifunike kwa kanga, uulize: "Humu ndani viko vingapi?" Anayejibu "vinne" bila kufunua amekwisha kuelewa. Anayetaka kufunua ahesabu upya bado, na umwache afunue, umwache ahesabu, kisha ufunike tena. Msifanye zaidi ya mara tatu kwa siku moja, mtoto akichoka hasikii.

Na wewe mwenyewe ukihesabu mbele yake, usiishie hewani. Sema: "Moja, mbili, tatu, nne. Vitunguu vinne." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo somo lenyewe, na hapa lugha yetu ina ugumu wake ambao watu wazima hatuusikii tena. Tunahesabu "mbili, tatu, nne", lakini tukitaja kitu namba inavaa nguo nyingine: vizibo viwili, maembe mawili, watoto wawili, dagaa wawili. Kwa mtoto mdogo, "mbili" na "mawili" na "wawili" si lazima ziwe kitu kimoja mpaka amezisikia zikikaa pamoja mara nyingi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kamwe. Kwa hiyo changanya vitu kwa makusudi: leo vitunguu, kesho maembe, keshokutwa njiti, na kila mara malizia kwa jina la kitu. Kama bibi yake anazungumza naye Kiha, ahesabu naye kwa Kiha. Mtoto aliyeielewa nne kwa lugha ya bibi hana haja ya kuielewa mara ya pili, anajifunza tu jina lake jingine.

Ukienda Mwanga sokoni Jumamosi, nenda naye. Simama mbele ya mafungu ya nyanya. Wauzaji wetu ni walimu wazuri wa hesabu bila wao kujua: fungu la nyanya nne chini na moja juu ni tano ambayo mtoto anaweza kuiona bila kuhesabu. Jicho la mwanadamu hutambua vitu vitatu, labda vinne, kwa mara moja, zaidi ya hapo huhitaji mpangilio, na fungu ni mpangilio. Muulize: "Fungu hili lina ngapi?" Kisha "na lile?" Mkifika nyumbani, afanye biashara: apange maharage kwa mafungu ya tano tano, auze, wewe ununue. Akiuza mafungu mawili, muulize umechukua maharage mangapi. Hapo yuko kwenye mlango wa kuzidisha. Ila biashara hii mfanye kwa vizibo, msitumie hela halisi. Sarafu zetu zinaanzia hamsini na mia, na mtoto anayehangaika na saba hafaidiki na mia tano. Fedha zina zamu yake darasa la kwanza na la pili.

Mchezo wa kuvunja namba nimeuchukua stesheni. Sisi wa Tabora tumekulia kwenye reli. Ilifika kwetu 1912, kwenu ikafika 1914, na kwa miaka mingi treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika hapa imekuwa ikikatwa: mabehewa mengine yanaendelea Kigoma, mengine yanageukia Mwanza. Panga vizibo vitano kwenye mstari, sema treni imefika Tabora ina mabehewa matano. "Matatu yanakwenda Kigoma. Mangapi yanakwenda Mwanza?" Anakata treni mwenyewe kwa kidole, anasukuma matatu upande mmoja, anaona mawili yamebaki. Kesho manne yanakwenda Kigoma. Keshokutwa yote matano, na Mwanza haliendi hata moja, maana sifuri nayo ni jibu. Baada ya siku kadhaa, chukua boksi liwe Mwanza, mabehewa ya kule yaingie ndani yasionekane, naye akuambie ni mangapi kwa kuangalia ya Kigoma tu. Msihamie treni ya mabehewa sita kabla ya tano kuisha, na msifike kumi kabla ya mwezi. Ninasisitiza hapa kwa sababu watoto wengi wanaohangaika na kutoa darasa la pili ni wale wasiojua kumi inavunjikaje. Wanajua tu "kumi toa sita" kama swali la kuogopa. Huyu wako atajua kwamba sita zikienda Kigoma, nne zinakwenda Mwanza.

Kwa jioni ambazo dada yake yupo, acha waache kufundishana, wacheze. Wachore mchangani vyumba 10 kwenye mstari ulionyooka, viandikwe 1 mpaka 10 kutoka kushoto. Kila mtu ana kokoto lake. Zamu yako ikifika rusha kizibo: kikilala mgongo juu unasogea chumba kimoja, kikilala meno juu unasogea viwili. Wa kwanza kufika kumi ameshinda. Siri yote iko kwenye kinachosemwa. Mtoto akiwa chumba cha tatu na amepata viwili, asiseme "moja, mbili". Aseme "nne, tano", majina ya vyumba anavyovikanyaga. Robert Siegler na Geetha Ramani walijaribu mchezo wa namna hii na watoto wa familia za kipato cha chini huko Marekani, wakachapisha matokeo 2008: vipindi vinne vya kama dakika 15 ndani ya wiki 2 viliwafanya watoto waelewe vizuri zaidi namba ilipo na ipi ni kubwa kuliko ipi. Wenzao waliocheza mchezo huohuo wa vyumba vya rangi, bila namba, hawakupata faida hiyo. Mstari mchangani haugharimu kitu. Mwambie dada yake asimsahihishe kwa kucheka, amsahihishe kwa kurudia hatua.

Dada mwenyewe nadhani anacheza mdako. Mdako una hesabu nyingi kuliko daftari lake: kokoto ziko shimoni, unarusha jiwe juu, unazikokota nje, unarusha tena unazirudisha ukibakiza moja, na raundi inayofuata ukibakiza mbili. Kabla jiwe halijashuka umeona zimetoka tano na umejua urudishe tatu. Mdogo wake hataweza kudaka bado, vidole vyake havijakomaa, lakini akae karibu aseme zimetoka ngapi. Vivyo hivyo kwa wazee wanaocheza bao kibarazani: kete 64 kwenye mashimo 32, na mkono unaogawa kete moja moja kila shimo unafanya kile tunachokitafuta, kitu kimoja mahali pamoja.

Kumi ikishakaa, ndipo mvuke. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu kumi na moja inajieleza yenyewe. Toa njiti kwenye fagio la chelewa, zivunje ziwe sawa, afunge kumi kwa kipande cha mpira wa tyubu. Kumi na nne ni fungu moja na njiti nne, na mdomo wake unasema hivyo hivyo anavyoona. Matatizo huanza ishirini, thelathini, arobaini: maneno haya yametoka Kiarabu, hayamwambii mtoto kwamba ni kumi mbili, kumi tatu, kumi nne. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, zile nyingine hazina msaada. Kwa hiyo mwache aseme majina yote mawili huku ameshika mafungu: "kumi mbili, ishirini, kumi tatu, thelathini". Ile mia anayoiimba sasa ni mafungu kumi ya njiti, na siku atakapoyafunga yote mwenyewe atashangaa ukubwa wake. Hiyo ni kazi ya mwaka ujao, usiikimbilie.

Mengine kwa kifupi. Kupima maji kwa kikombe na kopo wakati wa kuoga, ngapi zinajaza ndoo ndogo, ni hesabu. Kupanga sahani, kila mtu yake, ni hesabu. Ukiyatandaza maharage matano yakawa mstari mrefu na yeye akasema yameongezeka, usishtuke: ni umri, Jean Piaget alilieleza hilo zamani, na kwa watoto wengi hupita kwenye miaka 6 au 7. Akiandika 3 au 7 imegeukia upande mwingine, nalo hupita. Akihesabu kwa vidole, mwache, na yeyote anayempiga au kumkaripia kwa kutumia vidole umzuie. Vidole ni vifaa vya kwanza alivyopewa.

Kuhusu usalama siwezi kukuambia kwa kifupi. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3 nyumbani, maharage na mise zikusanywe zote mkimaliza, maana zinaingia puani na masikioni, na zinaziba koo. Usitumie mbegu za nyonyo hata kama zinapendeza, wala zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutungia shanga. Zote mbili zina sumu kali, na mtoto anayezitafuna anaweza kufa. Vizibo vyenye kutu au kingo zilizopinda vitupe. Trei la mayai lianike juani siku nzima kabla ya kulitumia, na anawe mikono baada ya kucheza.

Kitu kimoja zaidi, ukiweza. Mwalimu wake wa awali huenda ana watoto wengi mno kiasi kwamba kuimba pamoja ndiyo njia pekee anayobaki nayo. Usiende kumlaumu. Kusanya vizibo kwenye vibanda vya hapo Kibirizi, vioshe, vitoboe katikati kwa msumari, tunga kumi kwenye kamba, vitano vya rangi moja na vitano vya rangi nyingine, umpelekee kamba chache. Kila mtoto akiwa na kamba yake shingoni, mwalimu anaweza kusema "nionyeshe saba" na kwa jicho moja akawaona wote: tano nyekundu na mbili za rangi ile nyingine. Wazazi wawili watatu mkifanya hivyo, darasa zima litapata.

Rudia jaribio la "nipe" baada ya wiki 3, siku ambayo hajachoka wala hana njaa. Kama bado amekwama palepale, usiogope, endelea na namba zilezile, lakini muulize mwalimu kama anasikia vizuri akiwa nyuma ya darasa na kama anaona ubaoni. Kama amepanda hata ngazi moja, niandikie amefika ngapi, nikuambie treni yenu iongezwe mabehewa mangapi.